Nyumba ya Mbali Isiturudishe Ukapera



Nataka kusema maneno machache juu ya jambo ambalo kila mfanya kazi wa Nairobi mwenye jamaa hulifikiri mwisho wa mwezi, yaani tukae wapi? Chumba kimoja karibu na kazi hakitoshi watu watano, na nyumba ya vyumba viwili karibu na kazi inameza mshahara. Kwa hiyo wengi wetu tumehamia nje ya mji, na wengine sasa wanafunga mizigo. Wako wanaokwenda Kitengela na Rongai, wako wa Mlolongo na Athi River, na wako wa Ruiru, Juja na Kikuyu.

Sisemi kwamba ni vibaya kuhama. Mimi mwenyewe nilitoka Mukuru nikaenda Kitengela, na watoto wangu wakapata mahali pa kukimbia na kucheza. Lakini nilifanya kosa, nami nataka mwenzangu alisikie kabla hajatoa amana ya nyumba. Nilipima kodi, sikupima saa.

Nikiwa Mukuru nilikwenda kazini kwa miguu, nusu saa tu. Nilipohama, ilinibidi niwe kwenye steji saa kumi na nusu ya alfajiri ili nifike mlangoni mwa kiwanda kabla ya saa moja. Jioni tulitoka saa kumi na moja, na kwa msongamano wa magari nilifika nyumbani saa mbili ya usiku. Hesabuni wenyewe. Muda wa saa mbili kwenda na saa tatu kurudi ni saa tano kwa siku. Kwa siku sita za kazi ni saa 30. Hiyo ni siku moja nzima, mchana na usiku, na bado kuna saa sita juu yake. Saa hizo hakuna anayenilipa, na nauli natoa mimi.

Tena nauli haina msimamo. Mvua ikinyesha, inapanda. Shule zikifunguliwa, inapanda. Kodi niliyofikiri nimeiokoa nilikuwa naitoa kidogo kidogo kila asubuhi mkononi mwa kondakta.

Lakini fedha si neno kubwa. Neno kubwa ni hili. Mtoto wangu mdogo nilimwacha amelala, nikamkuta amelala. Siku moja jirani alimwuliza, "Baba yako yuko wapi?" Mtoto akajibu, "Baba huja Jumapili." Watu walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Ndugu zangu, kumbukeni tulikotoka. Zamani za ukoloni mfanya kazi wa Kiafrika mjini alihesabiwa kuwa kapera. Mshahara wa chini ulipigwa hesabu kwa chakula cha mtu mmoja na mahali pa kulala mtu mmoja. Bibi na watoto wabaki shamba. Mwaka 1954 halmashauri ya serikali juu ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter, ilikubali kwamba hesabu hiyo haitoshi, ikashauri mshahara uelekee kumtosha mtu pamoja na jamaa yake. Wazee wetu wa vyama walikuwa wakidai neno hilo hilo: mfanya kazi ana haki ya kukaa na watu wake.

Basi leo mtu anakaa nyumba moja na bibi na watoto, na bado hawaoni. Anatoka gizani, anarudi gizani. Huu nao ni ukapera, ila umehamishwa kutoka mjini ukapelekwa kando ya mji. Na akina mama walio kazini wana taabu zaidi, maana mama akifika saa mbili ya usiku bado jiko linamngoja.

Kwa hiyo, ndugu au dada unayetafuta nyumba, sikiliza shauri langu.

Kwanza, usiende kuangalia nyumba siku ya Jumapili mchana. Jumapili barabara zote ni nzuri. Nenda Jumatatu saa kumi na moja ya alfajiri, usimame kwenye foleni ya matatu pamoja na wenyeji, ufike mpaka mlangoni mwa kazi yako. Jioni urudi vile vile. Ukiweza, fanya hivyo siku ya mvua. Hapo utajua kodi ya kweli ya nyumba ile.

Pili, tazama kazi yako iko upande gani. Mtu anayefanya kazi Athi River katika viwanda vya saruji au eneo la viwanda vya kuuza nje, Kitengela kwake ni karibu. Lakini mwenye kazi Ruaraka akikaa Rongai anaukata mji wote kila siku mara mbili. Afadhali yeye atazame Githurai au Ruiru. Usifuate rafiki yako alikohamia. Kazi yake si kazi yako.

Tatu, usidanganyike na barabara kubwa wala na habari za gari moshi. Barabara ya Thika ilipanuliwa ikamalizika mwaka 2012, na mwaka huo huo stesheni ya Syokimau ikafunguliwa. Zote mbili zimewasaidia watu. Lakini gari moshi lina saa zake. Mwenye zamu ya usiku aulize kwanza kama liko saa anayotoka. Nayo barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands hulipiwa, na mtu anayehesabu sarafu za nauli haikujengwa kwa ajili yake. Barabara kubwa tena ni hatari kwa mtoto. Uliza: mtoto wangu atafika shule kwa miguu bila kuivuka? Kama lazima avuke, daraja la waendao kwa miguu liko wapi?

Nne, uliza maji, tena waulize akina mama, usimwulize mwenye nyumba. Pande za Kitengela na Athi River maji mengi ni ya visima virefu, na mengine yana chumvi. Maji ya kunywa utayanunua kwa mtungi, na hiyo nayo ni kodi. Uliza pia maji ya mvua hupita wapi. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia katika nyumba za watu Nairobi na Athi River, na waliopanga wakati wa kiangazi hawakujua kwamba wamepanga njia ya mto.

Tano, uliza hospitali ya usiku. Mtoto akishikwa na homa saa saba ya usiku, utampeleka wapi, na kwa gari gani?

Najua wako watakaoniambia, "Wewe unasema hivyo, lakini nje ya mji kuna hewa safi, na siku moja nitanunua ploti yangu." Ni kweli. Hata mimi sikurudi Mukuru. Tulihama tena, tukaja Mlolongo, nyumba ndogo kuliko ile, kodi juu kidogo, lakini nafika saa kumi na mbili na nusu jioni na mtoto ananisomea kitabu chake. Sitabadilisha jambo hilo kwa chumba cha tatu.

Lakini mashauri ya mtu mmoja mmoja hayatoshi, na ndiyo sababu nayaandika katika gazeti la chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inasema mwajiri atoe nyumba ya kufaa mahali pa kazi au karibu na kazi, au alipe fedha za kutosha kodi ya nyumba ya kufaa, juu ya mshahara. Someni tena maneno yale: karibu na kazi. Tena inaruhusu mapatano ya chama na mwajiri kuunganisha fedha za nyumba na mshahara. Kwa hiyo tuangalie sana tunachotia sahihi, tusije tukaiuza haki hii kwa nyongeza ndogo. Na tangu sheria ya nyumba ya mwaka 2024, kila mmoja wetu anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri anatoa kiasi kile kile. Tuna haki ya kuuliza: nyumba hizo zinajengwa karibu na viwanda, au mbali?

Naomba mkutano ujao wa tawi uzungumze mambo matatu. La kwanza, fedha za nyumba zipigwe hesabu kwa kodi ya nyumba ya jamaa, si ya chumba cha kapera. La pili, wanaotoka zamu usiku wapewe gari la kuwafikisha nyumbani. La tatu, zamu zibandikwe ukutani mapema, ili mtu ajue siku gani atakula chakula cha jioni na watoto wake.

Wazee walidai mfanya kazi aje mjini na jamaa yake. Kazi yetu sisi ni kudai apate na saa za kukaa nao.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama wenu, Mlolongo