Hata kambini Kolwezi ndoa za manufaa zilikuwepo

Mwandishi wa makala, sikubali kwamba mwalimu wa nyumbani na ndoa ya manufaa ni mambo ya majumba makubwa ya Uingereza tu. Huku kwetu Katanga, Kongo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Union Minière ilitaka wachimbaji wa shaba watulie kambini na wake zao, hata ikawakopesha mahari. Mwenye mke alipata nyumba na posho ya familia. Nyanya yangu aliletwa kutoka Kasai kuolewa Kolwezi na mtu asiyemjua. Masista wakamfundisha kushona na kulea watoto. Ndugu msomaji unayesema ndoa ya hivyo haizai mapenzi, nakupinga: babu alipostaafu, ndugu zake nyanya walimwita arudi kwao, akakataa kumwacha mumewe. Lakini tusipambe mno. Jane Eyre, yule mwalimu wa nyumbani wa riwaya ya Kiingereza, aliweza kumkataa mchungaji St John, aliyetaka mke wa kumsaidia umisionari India. Nyanya hakuulizwa. Waandishi wa Lualaba, mkoa wa Kolwezi leo, wahojini sasa mama walioolewa hivyo ambao wangali hai, na riwaya ziandikwe kwa Kiswahili chetu.