Juu ya Maoni ya Takataka Katika Kurasa Zetu

Ndugu Mhariri, nakuomba nafasi katika gazeti letu nipate kumjibu mwenzetu wa Kidato cha Tatu aliyeandika muhula uliopita. Alisema kwamba maoni ya takataka yanayomiminika chini ya picha na matangazo ya watu katika Facebook na Instagram yaachwe kama yalivyo, maana mwenye akili atayatambua na mjinga hana dawa. Maneno yake yalichekesha, na wengi bwenini waliyasifu. Mimi sikubaliani naye hata kidogo, nami nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane tunasema habari ya kitu gani. Mtu ameweka picha ya harusi ya dada yake, au habari ya msiba, au bei ya mchele. Chini yake waja watu wasiomjua hata jina. Mmoja asema anamshukuru daktari fulani wa mitishamba aliyemrudishia mume wake kwa siku tatu, na namba ya simu hii hapa. Wa pili ajibu, "Hata mimi alinisaidia." Wa tatu atoa mkopo bila dhamana. Wa nne awakaribisha watu wajiunge na Freemason wapate utajiri. Na majira ya mtihani yakikaribia, sisi wa Kidato cha Nne twaletewa wetu: yule anayedai kuuza mitihani ya Taifa kabla ya siku yake. Huyo wa kwanza na wa pili mara nyingi ni mtu mmoja mwenye majina mawili, au si mtu kabisa, bali ni programu iliyotengenezwa kubandika maneno yale yale chini ya kurasa nyingi kwa muda mfupi. (Juu ya Freemason niseme neno moja. Chama hicho kipo kweli, na marehemu Sir Andy Chande, aliyefariki mwaka 2017, alikuwa kiongozi wake katika Afrika Mashariki wala hakuficha jambo hilo. Lakini anayekualika chamani chini ya picha ya mbuzi anayeuzwa, nadhani hakutumwa na chama chochote ila njaa yake.)

Jambo hili si geni duniani. Tarehe 3 Mei 1978 Bwana Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni moja ya kompyuta huko Marekani, alipeleka tangazo lake kwa watu karibu 400 kwa mara moja, kwa njia ya kompyuta, nao hawakumwomba. Wengi walikasirika. Lakini angalieni hesabu yenyewe: kumpelekea mtu wa mia nne hakumgharimu mtu zaidi ya kumpelekea wa kwanza. Hesabu hiyo ndiyo inayowalisha hawa wa leo. Tapeli hana haja na wenye akili wote anaowasifu mwenzetu. Watu elfu wakimcheka na mmoja akampigia simu, yeye amepata mshahara wake.

Mwenzetu asema mjinga hana dawa. Basi nimpe habari ya mjane mmoja, jirani yetu pale Ruaha, ambaye si mjinga. Analima miwa ekari mbili, anaweza kukisia uzito wa mzigo wake kabla haujafika mizani ya kiwanda, na sijasikia kwamba amepata kupunjwa na mwenye lori. Kaka yangu ana duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki, naye hutangaza vitu vyake katika Facebook. Mwezi wa Juni mama huyu alihitaji fedha za palizi, na malipo ya miwa yalikuwa hayajatoka. Akaona chini ya tangazo la kaka maneno haya: mikopo ya haraka, marejesho nafuu, piga namba hii. Akapiga. Akaambiwa atume ada ya fomu Sh. 30,000, akatuma. Kesho yake akaambiwa atume ya bima Sh. 45,000, akatuma. Siku ya tatu simu haikupokelewa tena. Fedha hizo zilikuwa nauli na mahitaji ya binti yake anayesoma bweni, na binti huyo alirudi shule wiki mbili baada ya wenzake.

Mama alipokuja dukani hakuja kumlalamikia tapeli. Alikuja kumwuliza kaka habari za mwenzake. "Si yuko hapo kwako, mwanangu? Mimi nilijua mwafanya kazi pamoja." Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Tapeli hakuaminiwa kwa maneno yake, maana maneno kama yale yamejaa kila mahali. Aliaminiwa kwa sababu alikuwa ameketi barazani kwa mtu anayeaminiwa. Ukimwacha mtu akae barazani kwako tangu asubuhi hata jioni, wapita njia watadhani nini ila kwamba ni mgeni wako?

Kaka alikasirika, akataka kuziba kabisa mahali pa maoni. Nilimsihi asifanye hivyo. Chini ya tangazo moja tulihesabu maoni 34, na katika hayo 25 yalikuwa takataka. Tisa yalikuwa ya wateja: mmoja auliza bei ya mnyororo, mwingine auliza kama duka hufunguliwa Jumapili, mwingine yuko Kidodi na ataka apelekewe tairi. Hao tisa ndio biashara yenyewe. Basi likizo ile nikawa mfagizi.

Facebook ina mahali ambapo mwenye ukurasa huandika maneno asiyoyataka, na maoni yenye maneno hayo hufichwa yenyewe. Tukaandika mkopo, mganga, Freemason, utajiri, na mengine ya namna hiyo. Siku mbili zikapita kwa utulivu. Siku ya tatu tulipoyapitia yaliyofichwa tukamkuta mteja wa Mikumi auliza kama aweza kuchukua betri kwa mkopo! Chombo hakijui tofauti ya mkopo na mkopo. Hapana budi mtu ayapitie yaliyofichwa kila jioni. Nao matapeli hawakulala. Wakaanza kuliandika neno lenyewe kwa kutia nukta kati ya herufi, na katika namba za simu wakaweka herufi O mahali pa sifuri. Kazi hii haina mwisho, kama ya kufagia chini ya mwembe. Lakini kwa kaka ilimchukua kama dakika kumi kwa siku, na sijaona mfanyabiashara asiyeweza kutoa dakika kumi.

Ukificha maoni, aliyeyaandika bado huyaona mwenyewe, asijue kwamba wengine hawayaoni, basi hana haraka ya kurudi. Kumjibu kwa matusi, ambako wengine waona fahari, ni kumsaidia tu, maana mitandao hupenda kuyapandisha juu maoni yenye majibu mengi.

Jambo moja tunabishana na kaka hata leo. Mteja mmoja aliandika kwamba mpira wa ndani alioununua ulipasuka siku ya pili. Kaka alitaka kuyafagia na hayo. Nikasema hapana, huyo ni mwenye haki yake, naye ajibiwe palepale mbele ya watu. Nawaona wakubwa wengi wenye kurasa kubwa wakilifuta upesi swali la mwananchi, na mganga wakamwacha akae wiki nzima. Huo si ufagizi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea barua na mashairi ya wasomaji, na lilikuwa na mhariri wa kuchagua. Kikapu cha mhariri si uadui na wasomaji, mradi asitupe humo barua inayomchoma yeye. Hata wewe, Ndugu Mhariri, unacho. Naomba tu barua hii isiingie.

Wengine watasema kazi hii ni ya Serikali. Serikali imefanya sehemu yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 20, yakataza kupeleka ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa, na faini yake haipungui Sh. 3,000,000. Mamlaka ya Mawasiliano imetoa namba 15040 ya kupelekea taarifa za matapeli wa simu. Na hapa ndipo penye udhaifu wao: takataka nyingi hazina faida bila namba ya simu, na laini zetu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole mwaka 2019 na 2020. Kwa hiyo yafaa kuyapiga picha maoni hayo kabla ya kuyafuta, na kuipeleka namba ile. Ni kweli tapeli aweza kutumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine asiyejua, na kwa sababu hiyo wazazi wetu wabonyeze *106# wazione laini zilizo katika majina yao. Lakini polisi wa Kilosa hawawezi kukaa chini ya kila picha ya mbuzi.

Sasa nije kwetu. Ukurasa wa shule yetu husomwa na wazazi walio mbali, na wengi hupata humo tarehe ya kufungua na orodha ya mahitaji. Mzazi akiona hapo namba ya simu ya mtu anayejiita mwalimu na kutaka mchango, atatuma. Sisi wa bweni hatuna simu muhula wote, hatuwezi kumwonya mtu. Kwa hiyo naomba walimu wawili na mzazi mmoja wapewe kazi ya kuupitia ukurasa huo kwa zamu, asubuhi na jioni, hata siku za likizo. Orodha ya maneno ya kuanzia tumekwisha kuiandika mimi na wenzangu wawili, nayo iko kwa mwalimu wa kompyuta. Ina maneno 23. Neno "mchango" tumeligombania mara tatu na bado hatujaafikiana, kwa sababu shule nayo hulitumia.