Mwenye kanda asitupe

Ndugu mwandishi, makala yako ya rap ya Kiswahili imenirudisha mbali, ila umeanzia katikati. Kabla rapa Sugu hajatoa "Ni Mimi" mwaka 1995, tayari Saleh J alikuwa ameshinda shindano la Yo! Rap Bonanza, mwaka 1991, akiwa ameichukua "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice na kuitia maneno ya Kiswahili. Vijana wa leo wanacheka mdundo wa kuazima. Sisi tulishangaa maneno: kumbe Kiswahili nacho kinachana!

Radio One ilipoanza mwaka 1994, nilikaa kidole juu ya kitufe cha kurekodia, nikifuta taarabu za mama (nilichapwa, na nilistahili) ili ninase kundi la Kwanza Unit. Kila mara wimbo ulinitangulia sekunde kadhaa. Redio ikimeza kanda, tuliivuta taratibu, tukaizungusha kwa kalamu ya Bic. Sasa kanda nyingi zimeota ukungu.

Ingeweza kuwa vingine: kule New York, vipindi vya rap vya Stretch Armstrong na Bobbito kwenye redio ya WKCR vinasikika hadi leo kwa sababu wasikilizaji walitunza kanda zao, kelele na mikwaruzo yake yote. Huo mkwaruzo ndio utamu wenyewe, kwa maoni yangu.

Na maonyesho ya kumbini Dar, kipaza sauti cha waya, sauti ikikatika na ukumbi mzima ukimalizia ubeti? Nani aliyarekodi? Kama una kanda uvunguni, usiitupe, wala usiicheze kwenye redio mbovu. Tafuta fundi ainakili kwanza. Yangu ya dakika 90 imebaki upande B tu.