Mpiga Picha na Afunzwe Kwanza

Katika mjadala wa muhula huu wenzetu wengi wa Kidato cha Nne walishikilia kwamba siku hizi uhalifu wa mazingira hauwezi kufichika, maana karibu kila mtu ana simu yenye kamera. (Sisi wa bweni hatunazo, wala mwalimu wa zamu asidhani kwamba naiomba.) Mimi sikubaliani nao. Kamera bila mafunzo yaweza kumdhuru aliyeishika kuliko inavyomdhuru mwizi wa magogo.

Natutazame Indonesia. Mwaka 1999 chama cha Kiingereza kiitwacho Environmental Investigation Agency, pamoja na Telapak, chama cha Waindonesia wenyewe, vilichunguza Hifadhi ya Taifa ya Tanjung Puting katika kisiwa cha Borneo. Humo wanakaa sokwe wekundu waitwao orangutani, na humo miti ya ramin ilikuwa ikikatwa mchana kweupe. Wapelelezi walijifanya wanunuzi wa mbao. Hawakutosheka na picha za visiki, kwani kisiki hakimshtaki mtu. Walifuata magogo mpaka kwenye viwanda vya kupasulia, wakatafuta mwenye mali ni nani. Mwaka 2001 serikali ya Indonesia ilipiga marufuku ukataji wa ramin.

Lakini kabla ya hapo, Januari 2000, wawili wao, mmoja wa kila chama, walitekwa na kupigwa huko Kalimantan. Na hao walikuwa watu wenye ujuzi! Baadaye vyama hivyo viliwafunza wanaharakati wa mikoani kupeleleza na kupiga picha za video. Naona walifanya jambo la busara, kwa sababu mgeni akimaliza hupanda ndege, bali mwanakijiji hubaki pale pale na jirani aliyemchongea.

Jambo hili nalijua. Kijijini kwetu pwani kijana mmoja alipiga picha ya wavuvi wa baruti kwa simu, akiwa barazani kwao, akawapelekea rafiki zake. Picha ilizunguka. Haikuonyesha sura ya mvuvi hata mmoja, wala namba ya chombo, wala haikuandikwa siku wala saa. Ilichoonyesha wazi ni nguzo ya baraza na mnazi uliopinda, na kila mtu aliijua nyumba ile. Wavuvi hawakushtakiwa. Kijana alihamia kwa mjomba wake mjini, na mpaka leo hajarudi.

Angalifunzwa, angalijua kuandika tarehe, saa na mahali papo hapo. Kuiweka picha ya asili bila kuikata wala kuigusa. Kutokumwonyesha msema kweli aliyeomba afichwe. Na kujua ni nani wa kupelekewa. Zaidi ya yote angalijua wakati wa kuondoka. Mimi ningeliweka somo hilo mbele ya yote.

Wako wasemao kwamba kupeleleza ni kazi ya polisi. Kukamata, ndiyo. Lakini mwaka 2014 chama kile cha Kiingereza kilitoa taarifa juu ya meno ya tembo wa Tanzania, nchi ambayo kwa hesabu za serikali tembo wake walishuka kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Anayechukia habari zetu kuandikwa na wageni, basi na akubali waandishi wetu wafunzwe.

Simaanishi wanafunzi tuende kuwavizia wakata magogo usiku, wazazi wasitaharuki. Naomba Klabu ya Mali Asili ialike mwandishi wa habari muhula ujao, atufundishe kuandika tulichokiona na kutenga tulichosikia. Kamera ya shule imo kabatini katika ofisi ya taaluma, na kwa kuanzia yatosha.

Mwanafunzi, Kidato cha IV