"Kompyuta Ndiyo Iliyosema Hivyo"

Mfanyakazi anafika kwa karani wa mishahara, karatasi yake ya malipo mkononi. Fedha za saa za ziada hazimo. Karani anatazama kioo cha kompyuta, anatikisa kichwa, kisha anajibu: "Ndugu yangu, kompyuta ndiyo iliyosema hivyo." Mfanyakazi anaondoka kimya, kwani ni nani awezaye kubishana na mashine?

Ndugu msomaji, kabla ya kulikubali jibu hilo hapana budi tujue ni nani hasa aliyesema. Ndani ya kompyuta mna sehemu iliyo kiini cha kazi yote, nayo huitwa prosesa kuu. Siku hizi wengine huiita kichakataji. Wengi hupenda kuiita ubongo wa kompyuta. Jina hilo linapendeza, lakini ndilo linalotupotosha, maana ubongo hufikiri, na prosesa haifikiri.

KARANI MTIIFU

Afadhali tuifananishe na karani mtiifu kupita kiasi, aliyefungiwa katika chumba kidogo. Mbele yake pana kabati lenye visanduku vingi, kila kimoja na namba yake. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kompyuta. Katika baadhi ya visanduku mna maagizo, na katika vingine mna namba za kufanyia kazi. Karani huchukua agizo la kwanza, hulisoma apate kujua linataka nini, hulitimiza, kisha huliendea linalofuata. Kuchukua, kusoma na kutimiza: kazi ya prosesa ni hiyo tu, tangu mashine iwashwe mpaka izimwe.

Maagizo yenyewe ni mepesi. Jumlisha namba hizi mbili. Toa hii katika ile. Linganisha. Weka jibu katika kisanduku fulani. Ikiwa jibu ni sifuri, ruka uende kwenye agizo fulani. Barua, picha, muziki na hesabu za benki, vyote hujengwa kwa vijiagizo vya namna hiyo, kama vile nyumba kubwa inavyojengwa kwa tofali moja moja.

Katika prosesa kuna kitengo cha uongozi, ambacho husoma maagizo. Kitengo cha hesabu na mantiki, ambacho hujumlisha na kulinganisha. Na rejesta, ambazo hushika namba zinazotumika wakati huo huo. Vyote vimeundwa kwa transista, yaani swichi ndogo mno zilizopangwa juu ya kipande cha silikoni. Kuwaka na kuzimika kwa swichi hizo ndiko kunakosimama badala ya moja na sifuri.

La kustaajabisha ni kasi. Mwezi Novemba 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilitangaza prosesa iitwayo 4004, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza kuuzwa ikiwa yote katika kipande kimoja. Asili yake ilikuwa mashine za kupigia hesabu za kampuni ya Busicom ya Japani. Ilikuwa na transista 2,300, na iliweza kutimiza maagizo yapatayo 92,000 kwa sekunde moja. Prosesa za leo zina transista kwa mabilioni, na hutimiza maagizo kwa mabilioni kila sekunde. Hata hivyo utii wake haukubadilika.

HESABU YA SAA ZA ZIADA

Sasa turudi kwa mfanyakazi wetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara, imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Tuseme analipwa shilingi 2,000 kwa saa, naye alifanya kazi saa 54. Prosesa hutoa 45 katika 54, hupata 9, na kwa kuwa jibu si sifuri huendea agizo la malipo ya ziada. Saa 45 ni shilingi 90,000. Saa 9 kwa shilingi 3,000 ni shilingi 27,000. Jumla ni shilingi 117,000.

Lakini mtu akikosea akaandika 45 badala ya 54, prosesa itatoa, itapata sifuri, na itaandika shilingi 90,000 bila wasiwasi wowote. Haijui kwamba watoto watalala na nusu ya chakula. Na kama aliyetunga programu aliweka kikomo cha saa 48 badala ya 45, basi kila mwenye saa za ziada atapunjwa, tena kwa usawa na kwa kasi ya ajabu.

JE, PROSESA YENYEWE HAIKOSEI?

Hukosea, ila kwa nadra. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati katika chuo kimoja cha Lynchburg, jimbo la Virginia, Marekani, alikuwa akichunguza namba tasa. Majibu hayakulingana. Alitafuta chanzo kwa subira mpaka akaifikia prosesa ya Pentium, ambayo iligawanya baadhi ya namba vibaya. Ndani yake mlikuwa na jedwali la kusaidia kugawanya, na nafasi tano za jedwali hilo zilikuwa zimeachwa bila namba zilizostahili. Mwanzoni Intel ilisema watumiaji wengi wasingeathirika. Watu walipolalamika, mwezi Desemba ilikubali kumbadilishia kila aliyetaka, na gharama ikafika dola milioni 475.

Hata kosa hilo, basi, lilikuwa la binadamu waliotayarisha jedwali. Na aliyelifichua alikuwa binadamu mmoja aliyekataa kuamini jibu kwa sababu tu limetoka katika mashine.

Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi, weka daftari nyumbani. Andika saa zako kila siku, na mwisho wa mwezi wape watoto walio shuleni wazijumlishe. Watajifunza hesabu na kulinda ugali wao. Majibu yakitofautiana, rudi kwa karani na daftari lako, umwulize kwa adabu: "Kompyuta imesema hivyo, sawa. Je, ni nani aliyeiambia?"