Usingoje Gasketi Kutoka Mjini

Wewe unayekaa Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, unajua thamani ya maji. Mchanga wa uwanda hunywa mvua yote. Maji yako chini, mabondeni. Zamani akina mama walishuka bondeni alfajiri, wakapanda tena mlima na mtungi kichwani. Tangu miaka ya 1950 mashine zimekuwa zikisukuma maji kutoka bondeni hadi juu.

Na wewe unayekaa Masasi, chini ya vilima vya mawe, huenda unateka maji kwa pampu ya mkono. Visima na pampu nyingi viliwekwa katika mikoa ya Mtwara na Lindi miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa Finland.

Huenda pia kijijini kwako kuna mashine ya kusaga nafaka. Siku inapofanya kazi, kinu na mchi hupumzika. Siku inaposimama, mama hurudi kwenye kinu.

Sasa fikiri. Ni kitu gani husimamisha mashine hizi? Mara nyingine ni ubovu mkubwa. Lakini mara nyingi ni kitu chembamba kama karatasi. Kitu hicho huitwa gasketi.

Mimi nasema hivi: kijiji chenye mtu anayejua kutumia kisu, patasi na nyundo hakipaswi kukaa wiki mbili bila maji au unga kwa kungoja gasketi kutoka mjini. Soma sababu zangu, kisha uamue mwenyewe.

GASKETI NI NINI?

Vipande viwili vya chuma vikifungwa pamoja kwa bolti, havishikani sawasawa. Hata kama macho yanaona pamelingana, pana nafasi ndogo ndogo. Maji, oili, dizeli au hewa hupenya hapo. Gasketi huwekwa katikati. Bolti zikikazwa, gasketi hubanwa na kujaza nafasi zile.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndivyo ilivyo kwa mashine. Oili ikivuja kidogo kidogo na hakuna anayejali, siku moja injini huungua. Hapo kijiji hakinunui gasketi tena. Kinanunua injini.

UFUNDI HUU SI MGENI

Wapo wasemao, "Hayo ni mambo ya kiwandani. Sisi watu wa kijijini hatuyawezi." Sikubaliani nao.

Mwaka 1712 Mwingereza Thomas Newcomen alisimamisha injini ya mvuke ya kuvuta maji migodini. Pistoni yake ilizibwa kwa ngozi, na juu ya ngozi yakawekwa maji. Baadaye James Watt alitumia nyuzi za kamba zilizopakwa mafuta ya mnyama. Mashine zilizobadilisha dunia zilizibwa kwa vitu ambavyo fundi viatu wetu anavishika kila siku.

Hata leo, huko Uingereza, wapo watu wazima ambao kwa kujifurahisha hutengeneza injini ndogo za mvuke za kuweka mezani. Mwenye injini hukata gasketi yake mwenyewe kwa mkasi, kutoka kwenye karatasi nene, kisha huipaka mafuta. Mvuke ukivuja, gurudumu lake halizunguki. Basi hukata nyingine kwa uangalifu zaidi. Kama mtu anaweza kufanya hivyo kwa kujifurahisha, je, sisi tushindwe kwa ajili ya maji ya watoto wetu?

Tazama pia historia yetu. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, jirani na Masasi. Walileta matrekta mengi yaliyokwisha kutumika. Mengi yaliharibika, na vipuri na mafundi havikutosha. Mpango ulishindwa. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. Mashine bila fundi wa kuitunza ni mzigo tu.

VIFAA TUNAVYO

Mchongaji wa Kimakonde ana patasi, nyundo, tezo na tupa. Fundi viatu ana kisu kikali, mkasi na chuma cha kutobolea ngozi. Fundi baiskeli ana spana na vipande vya tyubu. Mhunzi ana moto na mvukuto. Ukiwaweka watu hawa wanne pamoja, una karakana.

Kama huna chuma cha kutobolea, tafuta kipande cha bomba la chuma chenye upana wa bolti. Noa mdomo wake kwa tupa mpaka uwe mkali. Kiweke juu ya gasketi na ukipige nyundo mara moja.

Chini weka gogo la mti laini, kama mwembe, upande uliokatwa msumeno. Usiweke mpingo. Mpingo ni mgumu na utaharibu makali ya chuma chako.

KILA KITU NA MAHALI PAKE

Hapa ndipo wengi hukosea. Hukata kitu chochote kilicho karibu. Kumbuka haya:

Mpira wa tyubu unafaa mahali pa maji baridi. Haufai mahali pa oili au dizeli. Mafuta huufanya uvimbe na kulainika.

Karatasi nene isiyo na mikunjo inafaa kwenye vifuniko vya oili visivyo na joto kali. Ipake grisi kidogo. Haifai mahali pa maji yenye nguvu, kwa maana hulowa na kuchanika.

Ngozi inafaa kwenye pistoni za baadhi ya pampu za mkono. Si kila pampu hutumia ngozi. Fungua kwanza uone.

Washa za shaba nyekundu hutumika penye joto na nguvu nyingi. Washa ikishabanwa huwa ngumu. Mhunzi aipashe moto mpaka iwe nyekundu, kisha aitumbukize majini. Chuma cha pua kikifanyiwa hivyo huwa kigumu, lakini shaba huwa laini. Kama haijakwaruzwa wala kupasuka, inaweza kutumika tena.

JINSI YA KUKATA

Kwanza, zima mashine na uiache ipoe. Fungua na usafishe nyuso zote mbili. Itunze gasketi ya zamani, hata kama imechanika. Ndiyo mwalimu wako.

Pili, paka oili kidogo kwenye uso wa chuma. Weka karatasi juu yake na uikandamize kwa kidole. Alama za matundu na kingo zitatokea. Wengine hugonga kingo kwa nyundo ili karatasi ikatike. Mimi sipendi njia hiyo. Nyundo huumiza kingo za chuma, na hapo patavuja siku zote.

Tatu, toboa matundu ya bolti kwanza. Kisha kata sehemu ya ndani. Mwisho kata sehemu ya nje. Ukianza na nje, karatasi hulegea na matundu hukaa upande.

Nne, hesabu matundu. Linganisha na gasketi ya zamani. Pengine kuna tundu dogo sana ambalo si la bolti. Ni njia ya oili. Ukilisahau, hapatavuja hata tone, lakini oili haitapita. Injini itakufa huku wewe ukijisifu.

Tano, kaza bolti kidogo kidogo kwa kupokezana. Kaza moja, kisha inayoitazama upande wa pili. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, upande wa pili utabaki wazi.

Kwa ngozi ya pampu kuna kazi zaidi, na hapa mchongaji ndiye bingwa. Achonge kibao chenye shimo la mviringo, na kizibo cha kuingia ndani ya shimo hilo. Loweka ngozi majini mpaka ilainike. Ikandamize shimoni kwa kizibo na uiache ikauke. Itatoka ikiwa na umbo la kikombe. Punguza kingo kwa kisu, kisha iloweke katika mafuta ya kula. Usitumie oili ya gari. Maji hayo yatanywewa na watu.

MAMBO YA KUOGOPA

Kujitegemea si kujidanganya. Yapo mambo matatu ambayo lazima tuyaogope.

La kwanza ni gasketi ya kifuniko cha silinda ya injini. Hapo pana moto na nguvu kubwa. Unene wake pia umepimwa ili pistoni isigonge kifuniko. Hiyo inunue dukani. Mtu atakayekuambia anaikata kwa boksi la sabuni anakupotosha.

La pili ni asbesto. Gasketi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta magonjwa mabaya, hata kansa, baada ya miaka mingi. Huwezi kuitambua kwa macho. Kwa hiyo, gasketi ya zamani ya injini iloweshe maji kabla ya kuibandua. Usiikwangue ikiwa kavu, usiipulize, usiichome moto. Ifunge katika mfuko na uifukie mbali na watoto. Na hiyo niliyosema uitunze kama mwalimu, ihifadhi ndani ya mfuko uliofungwa. Unaponunua karatasi ya gasketi, uliza ile isiyo na asbesto.

La tatu ni kufungua mali ya umma bila ruhusa. Maji ya vijijini yana vyombo vyake vya kijamii vya kutoa huduma ya maji, vinavyotambuliwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Fundi wa kijiji afanye kazi akiwa na idhini ya chombo hicho. Asiifungue pampu usiku kama mwizi.

TUFANYE NINI?

Wapo wasemao, "Kipuri halisi cha dukani ni bora." Ni kweli. Mimi sipingi kipuri cha dukani. Ninapinga kukaa bure wakati kinangojewa. Mahali pa maji baridi na vifuniko vya oili, gasketi iliyokatwa vizuri kwa mkono inaweza kufanya kazi muda mrefu.

Naona kijiji kifanye mambo manne.

Kwanza, kila mashine iwe na vigezo vya gasketi zake, yaani michoro iliyokatwa kwenye karatasi ngumu. Viandikwe jina la mashine na mahali pa gasketi, na vitundikwe ofisini. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kazi hiyo unaiweza.

Pili, kununuliwe karatasi ya gasketi na ngozi kabla mashine haijaharibika. Msimu wa korosho fedha zipo. Tusingoje miezi ambayo mifuko ni mitupu.

Tatu, kuwe na daftari. Andika tarehe, gasketi iliyobadilishwa, aliyeibadilisha na fedha iliyotumika. Mali bila daftari huisha bila habari.

Nne, fundi alipwe. Tusimwambie, "Ni karatasi tu, itakuwaje utudai?" Hatulipi karatasi. Tunalipa mkono unaojua na macho yaliyohesabu matundu. Fundi asiyelipwa huhamia Mtwara mjini, na ufundi wake huondoka naye.

Tena, wafundishwe wanawake. Pampu ikisimama, wa kwanza kuumia ni mama na binti. Wao pia ndio wa kwanza kusikia mlio wa pampu ukibadilika. Kwa nini basi spana iwe ya wanaume peke yao? Mtu anayejua kukata kitambaa cha nguo kwa kigezo ameshajua nusu ya kazi ya gasketi.

Ndugu msomaji, safari ya kushuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani haikuisha kwa sababu mashine ililetwa. Itaisha tu kama mashine haisimami. Peleka jambo hili kwenye mkutano wa kijiji. Uliza swali moja: gasketi ya pampu yetu ikichanika kesho, ni nani atakayekata nyingine, na kwa kitu gani? Kama hakuna anayejibu, kazi yenu ianze hapo.

MASWALI YA MAZUNGUMZO DARASANI

1. Katika kijiji chetu kuna mashine gani zenye gasketi?
2. Kwa nini mpira wa tyubu haufai mahali pa dizeli?
3. Kwa nini ni lazima kuhesabu matundu kabla ya kufunga?
4. Nani kijijini ana vifaa vilivyotajwa hapa? Je, yuko tayari kufundisha wengine?
5. Mwandishi anasema fundi alipwe. Wewe unaonaje? Fedha itoke wapi?