Kaunti ikinyamaza siku 60, jirani kashapata ruhusa!

Leo tuongee jambo ambalo watu wa Buruburu, Umoja na Kayole wanalijua sana: jirani anataka kuongeza nyumba. Anaanza na chumba kimoja cha kupangisha nyuma, halafu ngazi ya nje, halafu ghorofa juu ya sebule. Nani anaamua kama ni sawa?

Wengi wanadhani ni mwenyewe, maana ploti ni yake na hati anayo. Sheria inasema vingine. Chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, ukitaka kuongeza jengo unaomba ruhusa kwa kaunti, na anayeamua ni waziri wa kaunti anayesimamia mipango. Ukianza mjengo bila ruhusa ni kosa: faini hadi shilingi 500,000, au jela hadi miezi 2, au zote mbili.

Sasa sikizeni hapa. Kifungu cha 58 kinasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, inachukuliwa kwamba ruhusa imetolewa. Yaani faili ikilala mezani, ikiamka ni ndiyo! Hii inamsaidia mwananchi asizungushwe na "njoo kesho" mwaka mzima, wala asidaiwe chai. Lakini afisa anayeogopa kukataa anaweza kunyamaza tu, na jirani hana sababu yoyote iliyoandikwa ya kuipinga.

Na uamuzi wenyewe si wa huruma. Mama anayetaka kodi ya chumba kimoja alipe karo ana shida ya kweli, simcheki. Ila maswali ni ya ploti. Maji taka yataenda wapi, kama bomba lilikuwa la familia moja? Gari la zimamoto litapita? Dirisha la jirani litapata mwanga? Msingi utabeba ghorofa? Majibu yakiwa mazuri, apewe hata kama jirani ananuna. Yakiwa mabaya, anyimwe hata kama mtaa mzima unampenda.

Tusisahau Huruma, Aprili 2016. Jengo la ghorofa 6 lilianguka usiku wa mvua na kuua watu zaidi ya 45. Lilikuwa limeshatajwa kuwa libomolewe, lakini watu waliendelea kulala ndani. Ofisi ilijua, hatua haikufika.

Jirani naye ana nafasi mbili. Kwanza, mwombaji lazima atangaze mpango wake kwa umma, na wewe unaweza kupeleka pingamizi. Pili, uamuzi ukitoka una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti, na baadaye Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa hiyo ukiona tangazo, piga barua hapo saiba, weka tarehe, ipeleke, udai nakala yenye muhuri. Ukingoja mpaka mchanga umwagwe barabarani, huenda siku 60 zishaisha.

Msimamo wangu: kaunti ijibu kila ombi kwa maandishi, na itoe sababu, iwe ndiyo au hapana. Kunyamaza si kuamua.

Je, wewe ungekuwa kwenye hicho kiti, yule mama ungempa? Mwaga maoni hapo chini.